Land Rover 109 ya babu na milima ya Matamba: usiing'oe injini kabla hujapima

Swali kwa ufupi: kijana wa Matamba kaachiwa na babu yake Land Rover 109 ya mwaka 1976, Series III, injini ni ile ile ya petroli ya lita 2.25. Anabebea viazi na mbolea, anashuka nayo Chimala na kuna siku anafika mpaka Mbeya mjini. Ikipanda zile kona za Hamsini na Saba, barabara ya kona 57 kati ya Chimala na Matamba, na mzigo inakufa nguvu, inatoa moshi mweusi na inachemsha kabla haijamaliza kupanda, alafu kwenye kushuka breki zinanuka. Mafundi wamemwambia aitoe hiyo mashine aweke dizeli ya Hiace. Anauliza aitoe au aiache, na akiwa anashuka aendesheje.

Marahaba mdogo wangu, na hongera kwa kuishikilia gari ya babu maana wengi wanaziuza kwa kilo. Jibu langu ni usiitoe injini sasa hivi. Dalili zote ulizotaja, moshi mweusi, kukosa nguvu juu, kuchemsha, zinaelekea kwenye petroli nyingi na hewa kidogo pamoja na taimingi, yaani muda wa cheche kupiga kwenye silinda, ambayo pengine haijaguswa siku nyingi, hayo ni mambo ya bisibisi na fila geji (kipimo cha nafasi ndogo), hayahitaji winchi. Na hata ukija kuibadilisha baadae breki ndo zitangulie, nitakuelezea kwa kirefu huko chini kwasababu kwenye barua yako hiyo harufu ya breki ndo imenitia wasiwasi kuliko moshi.

Anza kwa kuelewa unapoishi. Chimala iko chini kwenye bonde la Usangu, kama mita 1,100 hivi, na ukipanda ukaipita Matamba ukafika uwanda wa Kitulo uko mita 2,600. Injini isiyo na tabo, kile kifaa cha kusukumia hewa ndani ya injini, inapoteza kama asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda, na hapo haijaharibika chochote, hewa yenyewe inakuwa nyepesi kwa hiyo kila pistoni ikivuta inapata hewa pungufu. Hiyo mashine yako ya cc 2,286 mpya kabisa toka kiwandani ilikuwa na hospawa kama 70 na hizo zimepimwa usawa wa bahari, ukiwa Kitulo umebaki na 50 na kidogo, hapo gari tupu inakaribia tani moja na nusu na wewe umepakia lumbesa juu. Kwa hiyo sehemu ya huo udhaifu ni ya mlima wenyewe na hakuna fundi atakayekuondolea, ila moshi mweusi na kuchemsha sio vya mlima, hivo vinatibika.

Tuje kabureta, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, hapa nataka utulie. Gari za siku hizi zina sensa inayopima hewa na kompyuta inapunguza mafuta yenyewe, kabureta haina habari na urefu wa mlima, hewa inapungua yeye anaendelea kumimina karibu kama alivyokuwa anamimina Chimala, matokeo yake petroli haiungui yote inatoka kama masizi, plagi zinavaa weusi, gari inaanza kumisi na wewe unazidi kukanyaga resi na kuzidisha tatizo. Kama bado ina ile kabureta ya Zenith ya asili basi jua ina ugonjwa wake ambao wenye hizi gari kila mahali wanaujua: uso wa bodi ya juu unapinda kwa joto na kwa kukazwa kupita kiasi, na ile oringi ndogo ya ndani inachoka, petroli inapita pasipotakiwa. Utaijua kwa sailensi isiyotulia, yaani injini ikiwa inanguruma bila kukanyagwa resi, ukiachia resi inataka kuzima, na harufu ya petroli mbichi kwenye ekzosi. Ifungue taratibu, lala msasa laini juu ya kioo bapa, sugua ule uso kwa mzunguko mpaka ukae sawa, badilisha oringi na gasketi, ukirudisha kaza skrubu kwa mkono wa adabu. Hiyo kazi peke yake imerudisha uhai wa gari nyingi ambazo zilishahukumiwa kung'olewa mashine.

Alafu ndo uje kwenye jeti, kile kitundu cha kupitishia petroli ndani ya kabureta. Tafuta jeti kuu yenye tundu dogo kwa saizi moja au mbili kuliko uliyonayo, endesha kwenye mlima na mzigo, zima injini hapo hapo ukiwa unapanda, yaani usiiache ikae sailensi, toa plagi uziangalie. Zikiwa na kahawia nyepesi umepatia, nyeusi kavu za masizi bado mafuta mengi, nyeupe kama chokaa umepunguza mno. Na hiyo ya mwisho iogope, kwasababu wewe unashuka mpaka Chimala kwenye hewa nzito na joto, ukiwa umeiseti kwa ajili ya Kitulo tu ukifika kule chini injini itakuwa na njaa ya mafuta, inachemka ndani kwa ndani na kuunguza valvu. Seti kwa ajili ya Matamba, pale katikati, Kitulo itakuwa na moshi kidogo na Chimala itakuwa salama. Kuna watu wanafunga kabureta ya Weber 34 badala ya Zenith, sina ubaya nayo, ukikanyaga resi mpaka mwisho utaona nguvu imepungua kidogo lakini inatulia, ina unafuu wa mafuta na jeti zake zinauzwa kwa saizi.

Kabla hujanunua hata jeti moja fungua eya klina. Ile ya kwako ni ya oili, lile bakuli, na mara nyingi nakuta watu wameijaza oili mpaka juu wakidhani ndo wanaipenda injini, oili ikizidi hewa inakosa njia na moshi mweusi ndo huo. Jaza mpaka alama tu, na kiangazi barabara ikiwa vumbi isafishe kila unapoona tope limelala chini ya bakuli.

Upande wa moto, kwa maana ya umeme, pointi, zile za kukata umeme ndani ya distributa, ziwe na nafasi ya milimita 0.38 hivi, plagi 0.75, na cheki shafti ya distributa kama inacheza ukiishika kwa vidole, ikicheza hakuna taimingi itakayokaa. Watu wa milimani wana faida moja, kwasababu mgandamizo kwenye silinda umepungua unaweza kuitanguliza taimingi digrii 2 au 3 kuliko kitabu kinavyosema na injini ikaamka kabisa. Ila jaribio lake lifanyie chini sio juu: panda kutoka Chimala na mzigo, mchana wa joto, gia kubwa kidogo, kanyaga resi usikilize. Ukisikia injini inagonga kama kuna kokoto ndani, rudisha nyuma kidogo mpaka mlio upotee. Wanaoisetia nyumbani Matamba alafu wakashuka nayo na mzigo ndo wanaotoboa pistoni.

Kuchemsha sasa. Maji huko kwenu hayasubiri digrii 100, kwenye mita 2,600 yanachemka kama digrii 91, ndo maana kifuniko cha rejeta kwako ni spea kamili sio mfuniko tu. Kile chenye springi kinashika presha ndani na maji yanaweza kupanda joto zaidi bila kuchemka, ukiweka kile cha kubahatisha kilichofungwa na mpira wa tyubu unachemsha hata kama rejeta ni mpya. Angalia mkanda wa feni, rejeta iliyoziba tope kwa nje na kutu kwa ndani, wota pampu. Themostati usiitoe. Najua kila kijiwe cha mafundi dawa ya kwanza ya kuchemsha ni kutoa themostati, na kwa baridi la Makete la mwezi wa 6 na wa 7, nyasi zinaamka na barafu, injini isiyo na themostati haifiki joto lake safari nzima, unatembea na choki, petroli inaosha oili kwenye kuta za silinda, ringi zinakwisha na oili inageuka uji. Weka yenye digrii 82, na weka kulanti, maji ya mtoni yaache yamwagilie viazi.

Ukishafanya hayo ndo unapima kama injini yenyewe ni nzima, na hapa kuna jambo linawaonea wenye magari wa nyanda za juu. Fundi anapima komprisheni, ule mgandamizo wa hewa kwenye silinda, anasoma kitabu kilichoandikwa kwa usawa wa bahari, anakuta namba iko chini, anakwambia mashine imekufa. Kama kitabu kinasema psi 150, kwenye mita 2,000 ukipata karibu na 120 uko vizuri kabisa, ni hewa tu hiyo. Kinachotakiwa kukustua ni tofauti kati ya silinda na silinda, tatu ziko 120 na moja iko 80 hapo kuna valvu au ringi. Mwaga oili kijiko kimoja kwenye tundu la plagi upime tena, namba ikipanda ni ringi, isipopanda angalia valvu.

Na kuhusu valvu, gari yako ilizaliwa wakati petroli ina risasi, ambayo ilikuwa inalinda siti za valvu, na mwanzoni mwa 2006 petroli hiyo iliondolewa huku kwetu kusini mwa Sahara. Injini za zamani ambazo siti zake ni laini valvu ya ekzosi inazama taratibu kwenye hedi. Dalili yake ni nafasi ya tapeti, inatakiwa milimita 0.25 kwa valvu zote, ukiiseti leo na baada ya muda mfupi ukakuta imejifunga tena na tena kwenye ekzosi basi siti inakwenda. Suluhisho ni kupeleka hedi kwa wachonga injini Mbeya mjini waweke siti ngumu, ukishafanya mara moja umemaliza. Na wakiwa nayo mezani waombe waukwangue kidogo uso wake wa chini, komprisheni ikipanda kidogo kwa mtu anayeishi mita 2,000 ni nguvu ya bure, ila wapime kwanza unene uliobaki maana hedi ya mwaka 1976 sijui imeshakwanguliwa na wangapi.

Sasa hiyo dizeli ya Hiace. Nadhani wanakuambia habari ya 3L, ile ya cc 2,779, hospawa kama 90. Ni injini ngumu, spea zake zipo mpaka vijijini, siwezi kuisema vibaya. Lakini nayo haina tabo! Mlima utaipunguzia asilimia ile ile iliyoipunguzia petroli ya babu na itatoa moshi mweusi ule ule, dizeli isiyo na tabo inakosa hewa kama mwenzake. Utakachopata ni unafuu wa mafuta na nguvu kidogo, utakacholipia ni adapta ya giaboksi, mauntingi za kuchomelea, rejeta, ekzosi, mpira wa kurudisha dizeli kwenye tenki, na kitu ambacho wengi wanakisahau kabisa ni busta ya breki, ile inayouongezea nguvu mguu wako kwenye pedali. Kama 109 yako ina busta, inavutwa na hewa ya manifodi ya petroli, dizeli haina uvutaji huo, inabidi utumie ile pampu ya vakyumu inayokaa nyuma ya alteneta za Toyota za dizeli na uiunganishe vizuri. Kuna gari zinatoka gereji zinanguruma vizuri, dereva anafika mteremko wa kwanza anakuta pedali ni jiwe.

Kuna gia pia. Difu zako, zile gia za kwenye ekseli, ni 4.7, ukiwa kilomita 80 kwa saa injini iko karibu mizunguko 3,000, dizeli ya zamani kukaa hapo safari nzima hadi Mbeya ni kuitesa. Watu wanaweka difu za 3.54 za Discovery, mizunguko inashuka karibu 2,200, safi kwenye lami, ila usije ukaziweka na injini ya petroli iliyobaki maana Hamsini na Saba itakushinda gia ya kwanza. Mimi kama ingekuwa lazima kubadilisha, na hela ipo, kwa milima yenu ningetafuta yenye tabo, ile 200Tdi iliyoanza 1989, cc 2,495, hospawa 111. Inaingia kwenye giaboksi ya Series bila vita kubwa kwasababu ni ukoo mmoja, na tabo inairudishia hewa mlima ulioichukua. Lakini giaboksi ya Series haikutengenezwa kwa nguvu hizo, unaiendesha na mguu mpole, usianze kuvutia trela la mbao. Na ukibadilisha injini yoyote namba mpya iingie kwenye kadi TRA, usisubiri ukamatwe njiani au siku ya kuuza.

Nimalizie na kushuka. Breki za dramu zikipata joto zinapanuka, lainingi inateleza, unakanyaga na gari haishiki, na gari nyingi za miaka hiyo zina njia moja tu ya mafuta ya breki, wili silinda moja ikipasuka umepoteza magurudumu yote manne kwa mpigo. Kwa hiyo kabla ya jeti, kabla ya kila kitu, badilisha raba za wili silinda zote na masta silinda, mipira yote, mafuta mapya ya breki maana yanavuta unyevu na yakiwa na maji yanachemka kwenye mteremko, na zile adjasta za nyuma ya dramu zikazwe kila unapoona pedali inaanza kuzama. Kama unaweza kupata masta silinda ya njia mbili funga, ni mabadiliko bora kuliko yote utakayoifanyia hiyo gari.

Alafu gia uichague ukiwa bado juu, kabla pua ya gari haijainama. Ukishaanza kuteleza na mzigo ukataka kurudisha gia, singi za giaboksi ya mwaka 1976, zile zinazosaidia gia kuingia, hazitakubali, utabaki fri, bila gia, katikati ya mteremko na hapo ndo watu wanapokufa. Jifunze kukanyaga klachi mara mbili: klachi, toa gia, achia, piga resi kidogo, klachi tena, ingiza namba ya chini. Kwenye changarawe au tope la Hamsini na Saba na mzigo, vuta ule mti mwekundu ukiwa umesimama iingie lo, yaani zile gia nzito za mwendo mdogo, weka gia ya pili au ya tatu, injini ndo ikushikilie, breki unaikanyaga kwa nguvu kwa muda mfupi alafu unaachia ipoe, usiishikilie kwa kuegemeza mguu kona zote. Kuachia fri ili uokoe petroli usithubutu hata siku moja.

Ila lo hiyo usiitumie kwenye lami kavu wala zege kavu. Series haina difu ya katikati na ukivuta mwekundu gari inaingia foo wili yenyewe, kwenye lami magurudumu ya mbele na nyuma yanapishana mwendo na hayana pa kuteleza, hafu shafti, zile fimbo za chuma zinazozungusha magurudumu, zinajikunja mpaka moja inakatika. Kwa hiyo mteremko wa Inyala, Iwambi, au siku ukivuka Iringa ukafika Kitonga, tumia hai, yaani gia za kawaida, gia ya pili, mwendo wa malori, wanaotaka kukupita wapite. Na injini yako ya 1976 ina beringi kuu tatu tu za krenki, za tano zilikuja 1980, kwa hiyo ukisikia inapiga kelele kupita kiasi kwenye kushuka tumia breki kidogo uishushe, usiache mzigo uizungushe hovyo.

Hendibreki ya hiyo gari haishiki magurudumu, inashika propela ya nyuma pale kwenye giaboksi. Usiivute gari ikiwa inatembea, unavunja hafu shafti, na hafu shafti ikiwa imekatika hendibreki haipo tena hata ukiivuta mpaka juu. Ukiegesha kwenye mteremko huko Matamba acha gia ndani na uweke jiwe. Ukitaka kupiga jeki gurudumu la nyuma kuwa makini zaidi, kwasababu likishanyanyuka difu inaliachia lizunguke na gari inaondoka na wewe uko chini yake: kandamiza kwanza ule mti wa njano iingie foo wili, weka mawe gurudumu la mbele pande zote mbili, ndo upandishe jeki.